Zizi lililogeuka nyumba: somo tulilolileta kutoka Uskoti

Ndugu wanamemba wa koperative, usiku wa kwanza hatukulala vizuri. Baridi ilikuwa mingi, ni kweli, lakini kilichotunyima usingizi ni mawazo. Tulikuwa tumelazwa katika jengo la zamani la ng'ombe na farasi!

Tulikuwa agronomu watatu katika ziara ya masomo Aberdeenshire, kaskazini-mashariki ya Uskoti, inchi ya shayiri na ya ng'ombe weusi wasio na pembe. Mwenyeji wetu ana milki kubwa. Kwetu tungeiita konsesyo: mwenyewe ni mmoja, na wakulima wengi wanakodi mashamba kwake. Majengo ya kale ya shamba ameyageuza kuwa nyumba ya wageni wanaolipa kwa usiku.

Asubuhi tukazunguka kutazama. Kuta ni za mawe magumu, zimejengwa pande tatu za kiwanja. Katikati njo mahali walirundika samadi mbele ya kuipeleka shambani; leo motokari zinasimama pale. Jikoni tulimokunywa chai mulikuwa zizi la ng'ombe. Milango mipana ya duara, ambayo sasa imetiwa vioo, ilikuwa ya mikokoteni. Juu yake kulikuwa gala ya nafaka, palipoinuka ili unyevu na panya visifike kwa urahisi. Katika chumba cha kupuria tuliona milango miwili inayotazamana. Juu ya nini? Ili upepo upite na kuondoa makapi. Mama zetu wanatafuta upepo na ungo; watu hawa waliujengea upepo mlango.

Juu ya zizi la farasi kuna chumba kidogo. Humo walilala vijana wa kazi wasiooa. Waliajiriwa kwa miezi sita tu, kwenye masoko ya Mei na Novemba. Muda ukiisha, kijana alibeba sanduku lake akaenda. Chumba hakikuwa chake.

Kisha trakta ikaja, farasi wakatoka. Mashine kubwa za kuvuna haziwezi kupita katika milango ile. Majengo yakabaki matupu. Lakini mwenyeji hakuacha paa lianguke. Alituambia: paa likishika, ukuta unangoja. Leo vyumba vinaingiza feza hata miezi ambayo shamba halitoi kitu.

Basi, ndugu, tulifurahi. Tukaanza kuhesabu mahangari ya plantasyo za kale huku kwetu: hili tulifanye depo ya kahawa, lile mashine ya kusaga. Ila jirani mmoja, mkulima anayekodi shamba, alitupunguzia haraka. Tulimuuliza kama naye anaweza kutengeneza zizi lake. Akajibu: «Kwanza nisome mkataba wangu.»

Jibu hilo lina historia. Wakulima wadogo wa milima na visiwa vya Uskoti walifukuzwa kwa wingi, wakiacha nyumba walizojijengea. Ni sheria ya mwaka 1886 iliyowapa haki ya kutofukuzwa ovyo, na ya kulipwa kwa matengenezo waliyoyafanya wakati wanapotoka. Mwaka 1997 wakaaji wa kisiwa cha Eigg walikusanya feza, wakasaidiwa na watu wengi, wakanunua kisiwa chao chote. Sheria ya 2003 ikafungua njia kwa vijiji vingine kununua ardhi kwa pamoja.

Kwa nini tunawasimulia haya? Kwa sababu koperative moja tunayoisindikiza ilitengeneza hangari ya kale kwa michango ya wanamemba. Mabati mapya, saruji, meza za kukaushia. Walipewa ruhusa ya mdomo tu. Msimu wa pili mrithi akaja na karatasi mkononi. Wakatoka na mabati yao kichwani, saruji ikabaki. Na sisi agronomu tulikuwa tumewapongeza kwa kazi nzuri, bila kuuliza swali moja la hati. Kosa hilo ni letu pia.

Kwetu, sheria ya 1973 inasema udongo ni mali ya Serikali; mtu anapewa haki ya kuutumia, na haki hiyo inashuhudiwa na cheti cha kuandikisha, kile tunachoita setifika. Kwa hiyo, mbele ya kupiga musumari wa kwanza:

- Nendeni kwenye ofisi ya hati za ardhi, mujue jina lililoandikwa.
- Muongee na mwenye jina, pamoja na shefu wa kijiji kama shahidi.
- Muandike mkataba: miaka mingapi, kodi gani, na nani atalipa matengenezo mukitoka.
- Kopi moja ikae kwa prezida, nyingine kwa mwenye kutunza sanduku.

Jengo la kale ni mali, tumeliona kwa macho. Lakini tengenezeni kwanza karatasi, kisha paa.