Kazi haina kabila: sheria inasema nini?

Katika mazungumzo yetu na familia zilizokimbia vita na familia zilizozipokea, lalamiko moja linarudi kila mara: fulani amenyimwa kazi kwa kuwa ni mgeni, au amefukuzwa kwa ajili ya kabila lake. Maneno kama haya yanaweza kuwasha moto kati ya majirani. Ndiyo maana tunaeleza hapa sheria ya nchi yetu.

Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, kifungu cha 36, inasema kazi ni haki na wajibu mtakatifu kwa kila Mkongomani. Mtu asidhulumiwe kazini kwa ajili ya asili yake, jinsia, mawazo, imani au hali yake ya maisha. Nazo Kanuni za Umoja wa Mataifa za mwaka 1998 zinasema mkimbizi wa ndani asibaguliwe anapotafuta kazi, awe anaishi kambini au hapana.

Sheria ya Kazi ya tarehe 16 Oktoba 2002 inakataza kumfukuza mfanyakazi kwa sababu ya kabila, rangi, dini, siasa, sendika, ndoa au mimba. Mama anayejifungua ana likizo ya majuma 14. Wenye kazi, ujuzi na matokeo sawa walipwe sawa. Hata kibarua analindwa: akiisha kufanya siku 22 katika miezi 2, na akaajiriwa tena kabla ya miezi hiyo kwisha, anahesabiwa kuwa na mkataba usio na mwisho uliopangwa.

Ukionewa, fanya hivi:

1. Andika tarehe, maneno yaliyosemwa na majina ya mashahidi. Tunza karatasi zote za malipo.

2. Nenda kwanza kwa Inspekta wa Kazi, ambaye hujaribu kuwapatanisha. Bila hatua hiyo, mahakama ya kazi haipokei mashtaka.

3. Msipopatana, nenda mahakamani. Ukifukuzwa bila sababu ya haki, unaweza kurudishwa kazini au kulipwa fidia isiyozidi mshahara wa miezi 36.

Pale ambapo vita vimefunga ofisi hizo, tunza vithibitisho vyako mpaka zifunguliwe.

Nanyi viongozi, msikubali kosa la mwajiri mmoja ligeuke ugomvi wa makabila mawili. Msindikizeni aliyeonewa hadi kwa Inspekta. Haki ikifuatwa kwa njia yake, amani inabaki mtaani.