Upepeo wa Kifaransa: Zawadi Iliyosema Badala ya Mwenyewe

Unadhani mkoba wa bei mbaya ndiyo mwisho wa mambo? Basi hujasikia habari za akina mama wa Paris wa karne ya 18. Mwanamke mwenye uwezo hakutoka nyumbani bila upepeo wa kukunja mkononi, na wala siyo kwa ajili ya joto tu. Lilikuwa pambo!

Pepeo za kukunja asili yake ni Japani, zikafika Ulaya karne ya 16. Wafaransa wakazipenda mpaka basi, na mwaka 1678 mafundi wa Paris wakawa na chama chao rasmi. Kazi yenyewe acha tu. Huyu anachonga vijiti vya pembe za ndovu, lulumizi au gamba la kasa, yule anachora picha kwenye karatasi au ngozi laini, mwingine anakunja na kuunganisha.

Kikapu cha bwana harusi

Kwa matajiri, bwana harusi alimpelekea mchumba kikapu cha zawadi, na upepeo ulikuwemo. Picha zake? Cupid na mishale yake, njiwa wawili, mienge ya ndoa inayowaka. Mahaba matupu! Lakini ndoa nyingi za wakubwa zilipangwa na wazazi. Bibi harusi alishika picha ya mapenzi mkononi, wakati mwenzake hata hajamfahamu vizuri.

Eti lugha ya siri?

Umewahi kusikia kwamba upepeo ulitumika kutongozana? Ukiupitisha shavuni, "nakupenda". Ukiugusisha shavu la kulia, "ndiyo". La kushoto, "hapana". Utamu huo ulienezwa karne ya 19 na Duvelleroy, duka la pepeo lililoanzishwa Paris mwaka 1827, kwa vikaratasi vya kuvutia wateja. Wanahistoria wengi wanaona ilikuwa mbinu ya biashara zaidi kuliko desturi ya kweli. Na hebu fikiria: dada anajikuna shavu tu, kaka wa watu keshajiona kapendwa!

Sasa wewe je?

Zawadi ni tamu, mpe mwenzio, tena ichague kwa moyo. Ila usiiachie kazi ya mdomo wako. Ukimpenda, mwambie. Amekuudhi, mwambie pia, taratibu. Usimwache akae anabahatisha maana ya ishara zako, kumbe kile kikaratasi cha maelezo unacho wewe peke yako.