Fahamu: Hasira na huzuni hedhi inapokaribia kukoma

Mama muuza samaki wa Dunga, Kisumu, anaamka usiku amelowa jasho. Asubuhi anamfokea kila mtu. Huku kando ya Ziwa, joto la mwili hutufanya tuwaze malaria kwanza. Apimwe, ndiyo. Lakini kama hana, na umri wake ni kati ya miaka 45 na 55, huenda hedhi inakaribia kukoma. Homoni ya estrojeni hupanda na kushuka ovyo, usingizi hukatika, hasira huja upesi. Hajarogwa, wala hana kisirani.

Kutembea, kupunguza pombe na chai kali jioni, na kuzungumza na wenzake wa chama husaidia. Huzuni ikizidi wiki mbili, amwone daktari, matibabu yapo. Nanyi waume na watoto, mpunguzieni kazi.