Mpangilio wa Matukio na Uhuru wa Yasmin: Vuta N'kuvute katika Riwaya na katika Filamu

Riwaya ya mapenzi inapogeuzwa kuwa picha, ziwe za katuni au za sinema, wahakiki aghalabu huhesabu yaliyoachwa: mhusika fulani hayumo, sura fulani imerukwa. Uhakiki wa namna hiyo hautoshi, kwani hakuna kitabu kirefu kinachoweza kuenea katika filamu ya takribani saa moja na nusu. Swali la msingi ni jinsi mpangilio mpya wa matukio unavyobadili maana ya mapenzi yenyewe. Makala haya yanalichunguza swali hilo kwa kulinganisha Vuta N'kuvute, riwaya ya Shafi Adam Shafi iliyochapishwa na Mkuki na Nyota mwaka 1999, na filamu ya jina hilo iliyoongozwa na Amil Shivji na kuonyeshwa kwa mara ya kwanza Toronto mwaka 2021.

Mandhari ya kazi zote mbili ni Unguja chini ya utawala wa Waingereza, na wahusika wakuu ni Yasmin, msichana mwenye asili ya Kihindi, na Denge, kijana mpigania uhuru. Tofauti kubwa imo katika wakati wa kukutana kwao.

Katika riwaya, msomaji anamkuta Yasmin akiwa tayari mke wa Raza, mwanamume aliyemzidi umri kwa mbali. Anaiacha ndoa hiyo, anakataliwa na jamaa zake, kisha anapata hifadhi Ng'ambo kwa shoga yake Mwajuma. Baada ya hayo ndipo anapojuana na Denge. Uasi, basi, umeyatangulia mapenzi. Yasmin amekwisha kuvuka mipaka ya ndoa, ya jamii na ya mtaa kwa uamuzi wake mwenyewe; Denge anaweza kuupa uasi huo lugha ya siasa, lakini si yeye aliyeuzaa.

Katika filamu, wawili hao wanakutana usiku, Yasmin akiwa njiani kwenda kuozwa. Uteuzi huu una sababu za kifani. Msimulizi wa riwaya anaweza kueleza kwa aya moja uchovu wa miezi mingi, na mchoraji wa katuni anaweza kuandika wazo la mhusika juu ya kichwa chake. Kamera hutegemea zaidi uso, ishara na tukio. Hata hivyo, uteuzi huo una gharama yake: mtazamaji anamjua Denge kabla Yasmin hajawa mke, na kwa hiyo huelekea kuipima ndoa kwa kipimo cha Denge. Kukataa kwa Yasmin kunaweza kuonekana kuwa tunda la mapenzi.

Mwisho wa riwaya unathibitisha umuhimu wa jambo hili. Maisha ya Yasmin yanaendelea bila Denge, naye anaolewa na Bukheti. Mapenzi yake na mwanamapinduzi ni hatua katika safari yake, wala siyo kikomo chake.

Haifuati kwamba filamu imekosea. Iliteuliwa kuiwakilisha Tanzania katika kinyang'anyiro cha Oscar mwaka 2022, nayo ina mantiki yake ya kisanaa. Lakini riwaya hii husomwa katika kidato cha tano na cha sita, na mwanafunzi anayejibu swali la ukombozi wa mwanamke kwa kuitegemea filamu pekee anaweza kumpa Denge sifa ambayo mwandishi alimpa Yasmin.