Mpangilio wa Orodha Mtandaoni: Hakikisha Umehifadhiwa

Huduma nyingi zitolewazo kwa njia ya mtandao humtaka mtumiaji apange orodha kwa kufuata vipaumbele vyake. Mwombaji wa chuo, kwa mfano, hupanga kozi kuanzia ile aitakayo zaidi. Badala ya kuandika namba, kurasa nyingi humruhusu kukiburuta kila kipengele kwa kidole au kipanya na kukidondosha mahali anapotaka. Njia hii ni nyepesi, lakini humfanya mtumiaji adhani kwamba kipengele kikishasogea, kazi imekwisha. Pale ambapo nafasi hutolewa kwa kufuata mpangilio wa machaguo, dhana hiyo yaweza kumkosesha mtu kozi aliyoikusudia.

Kinachotokea nyuma ya skrini

Kuburuta ni tendo linalofanyika ndani ya kivinjari cha simu au kompyuta yako tu. Seva, yaani kompyuta ya mtoa huduma inayotunza kumbukumbu, haina habari ya mabadiliko hayo hadi kivinjari kiipelekee mpangilio mpya.

Tuseme umechagua kozi tatu ambazo kwenye mfumo zina namba 14, 27 na 31, kisha ukaipandisha ya 31 iwe ya kwanza. Kivinjari hutuma orodha hii: 31, 14, 27. Seva huhakiki kwamba wewe ndiye mwenye orodha, huandika nafasi mpya ya kila kozi katika hifadhidata, kisha hurudisha jibu la kukubali au kukataa. Kabla ya jibu la kukubali kufika, huna hakika kwamba mpangilio uuonao umeandikwa popote nje ya kifaa chako. Ikiwa haukuandikwa, ukifunga ukurasa hupotea, na mtoa huduma huendelea kutumia ule wa zamani.

Baadhi ya tovuti hutuma mpangilio mara tu unapokiachia kipengele. Nyingine husubiri ubonyeze kitufe cha kuhifadhi. Kwa macho, kurasa za aina zote mbili zaweza kufanana kabisa.

Sababu za mpangilio kutohifadhiwa

Ya kwanza ni mtandao kukatika wakati wa kutuma. Ya pili ni muda wa kuingia katika akaunti kwisha: ukikaa kwa muda mrefu bila kufanya lolote, seva haikutambui tena na hukataa ombi lako, ingawa ukurasa ungali wazi mbele yako. Ya tatu ni kufungua orodha moja katika simu na kompyuta kwa wakati mmoja. Katika mifumo mingi, orodha iliyotumwa mwisho ndiyo hubaki. Hivyo ukurasa wa zamani waweza kufuta kazi uliyoifanya kwingine.

Tunashauri ufanye yafuatayo

1. Soma maelekezo ya ukurasa ili ujue kama kuna kitufe cha kuhifadhi.
2. Tumia kifaa kimoja na ukurasa mmoja tu unapopanga orodha.
3. Ukishahifadhi, usifunge ukurasa kabla ya kuona ujumbe wa uthibitisho.
4. Pakia ukurasa upya, au toka katika akaunti kisha uingie tena. Orodha utakayoiona sasa ndiyo inayotoka kwenye seva.
5. Piga picha ya skrini inayoonyesha mpangilio, tarehe na saa, na utunze namba ya kumbukumbu ukipewa.
6. Kamilisha kazi hii mapema. Siku ya mwisho watumiaji huwa wengi, na seva iliyoelemewa huchelewa kujibu.

Unachostahili kutoka kwa mtoa huduma

Ukurasa uliotengenezwa vema humweleza mtumiaji waziwazi kama mpangilio umehifadhiwa au umeshindikana. Aidha, mwongozo wa kimataifa wa ufikivu wa tovuti, WCAG 2.2, uliotolewa mwaka 2023, unataka jambo linalofanywa kwa kuburuta liwezekane pia bila kuburuta, kwa mfano kwa kubonyeza vitufe vya juu na chini. Hili huwafaa watu wenye ulemavu wa mikono na wenye simu ndogo.

Nchini Tanzania, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inampa mtu haki ya kuomba kuziona taarifa zake na kuomba zirekebishwe zikiwa na makosa. Ukiona mpangilio uliorekodiwa sio ulioupanga, mwandikie mtoa huduma mara moja, ukiambatisha picha na namba ya kumbukumbu. Tunasisitiza kwamba malalamiko yenye ushahidi, yakifika kabla ya maombi kufungwa, ni rahisi zaidi kushughulikiwa kuliko yale yanayofika baada ya matokeo kutangazwa.