NGUZO ZIMEFIKA MLANGONI: JE, MWANGA UMEINGIA NDANI?



Pengine nguzo za umeme zinapita hatua chache kutoka mlangoni pako, na jioni wewe bado unawasha kibatari. Watoto wanasoma huku moshi ukiwaingia puani, na mama anatafuta chumvi kwa kupapasa. Ng'ambo ya njia nyumba ya jirani inang'aa. Tena yawezekana jirani huyo hakuzidi mali; alijua tu pa kuanzia. Habari hii tumeiandika kwa ajili ya nyumba kama yako.

HATUA TULIYOFIKA

Kwanza tuseme lililo kweli: kazi kubwa imefanyika. Mwaka 2005 Tanzania ilitunga sheria ya nishati vijijini, na kwa sheria hiyo ukaundwa Wakala wa Nishati Vijijini, ndio REA. Wakati ule kijiji chenye umeme kilikuwa kitu cha kusimuliwa safarini. Leo Serikali imetangaza kwamba vijiji vyote 12,318 vya Tanzania Bara vimefikiwa. Lakini vitongoji ni zaidi ya 64,000, na huko kazi haijaisha.

Umeme wenyewe nao unabadilika. Katika mto Rufiji limejengwa Bwawa la Julius Nyerere, lenye mitambo 9 na nguvu ya megawati 2,115. Mtambo wa kwanza ulianza kutoa umeme mwezi wa Februari 2024, na mwaka 2025 yote 9 ilikuwa tayari. Gesi asilia bado inatumika sana, lakini maji ya mito yetu sasa yamebeba mzigo mkubwa zaidi. Jirani zetu wa Kenya wanachota mvuke wa moto chini ya ardhi kule Olkaria, na upepo karibu na ziwa Turkana. Maji, jua, upepo na joto la ardhi haviagizwi kwa meli, wala bei yake haipandi kwa sababu ya vita vya mbali. Ni vipaji vya Mungu vilivyomo nchini mwetu.

Basi, kama vipaji ni vya wote, kwa nini mwanga uishie kwa wachache?

HESABU YA NYUMBA NDOGO

Wengi husema, "Umeme ni wa wenye fedha." Tufanye hesabu pamoja. Vijijini ada ya kuunganishwa imewekwa shilingi 27,000. Anayetumia uniti zisizozidi 75 kwa mwezi, katika daraja la watumiaji wadogo, hulipa shilingi 100 kwa uniti moja, kabla ya kodi na tozo. Ukiweka balbu tatu za wati 7 na kuziwasha saa 4 kila jioni, mwezi mzima utatumia uniti mbili na nusu hivi. Hizo ni kama shilingi 300, pamoja na kodi. Soda moja hainunuliki kwa fedha hizo, seuze mafuta ya taa ya mwezi.

Tatizo basi si bei ya kila mwezi. Tatizo ni kile kizingiti cha mwanzo: ada, nyaya, swichi, na malipo ya fundi. Mwenye nyumba ya vyumba viwili hahitaji kutandaza nyaya nyingi. Kipo kifaa kiitwacho UMETA, maana yake Umeme Tayari, ambacho hufungwa ukutani kikiwa na mahali pa balbu na pa kuchomeka. Uliza habari zake katika ofisi ya TANESCO au kwa mwenyekiti wa kijiji. Wala usimpe fedha mtu wa njiani anayejiita fundi. Lipa panapostahili, upewe stakabadhi, na stakabadhi uitunze.

MAMBO YA LUDEWA

Sasa twende wilaya ya Ludewa, mkoani Njombe, tuone jinsi watu wa milimani walivyopata mwanga kabla nguzo za taifa hazijawafikia. Huko kuna vijiji viitwavyo Lupande, Mawengi na Madunda. Kwa msaada wa fedha za Umoja wa Ulaya, na kwa kazi ya shirika la Italia liitwalo ACRA likishirikiana na Jimbo la Njombe, ulijengwa mtambo wa maji katika mto Kisongo, wenye nguvu ya kilowati 300. Nguvu hiyo si nyingi sana; mashine ishirini hivi za kusaga, zikizunguka pamoja, zingeimaliza yote. Lakini kwa watu waliozoea giza ilikuwa neema kubwa.

Jambo la kuangalia zaidi ni hili: mtambo ule haukukabidhiwa kwa tajiri mmoja. Watumiaji wa umeme walifanya chama chao, wakakiita LUMAMA, jina lililotokana na silabi za mwanzo za vijiji vile vitatu: Lupande, Mawengi, Madunda. Fedha zilizolipwa na watumiaji zilikuwa za kuutunza mtambo na kuwalipa mafundi. Mtu aliyelipa umeme wake alikuwa pia mwenye chama.

Unaona tofauti, ndugu msomaji? Anayenunua tu husubiri. Mwenye mali huuliza: fedha zetu zimekwenda wapi? mfereji umesafishwa? nani analima juu ya chemchemi? Maana mtambo wa maji hauna kazi mto ukikauka. Ndiyo sababu sheria ya mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za watu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Anayekata miti ya chanzo cha maji anazima taa ya jirani yake, na mwishowe ya kwake.

MASISTA WA CHIPOLE

Tusogee kusini mpaka Songea. Masista Wabenediktini wa Mtakatifu Agnes wa Chipole walijenga mtambo wa Tulila katika mto Ruvuma, wenye nguvu ya megawati 5, na tangu mwaka 2015 wakaanza kuwauzia TANESCO umeme. Wakati huo Songea haikuwa imeunganishwa na gridi ya Taifa. Ilitegemea injini za dizeli, na dizeli hiyo ilisafirishwa kwa malori kutoka mbali. Gridi ilifika mwaka 2018. Katika ile miaka mitatu ya kungoja, maji ya Ruvuma yalipunguza kazi ya injini zile.

Watu walizoea kuwaona masista darasani na zahanati. Hawa wakashika pia kazi ya mabomba na mitambo, nayo kazi hiyo ikawa huduma kwa mkoa mzima. Ewe binti unayesoma gazeti hili, ufundi wa umeme si wa wavulana peke yao. Nanyi wazazi, mkiwa na binti anayependa hesabu, msimwambie kazi hiyo haimfai.

YALE TUFUNDISHWAYO

Mambo haya si mageni kwa Kanisa. Papa Leo XIII, katika barua yake Rerum Novarum ya mwaka 1891, alitetea haki ya mfanyakazi kupata mshahara wa kumtosha. Papa Yohane XXIII, katika Mater et Magistra ya mwaka 1961, alisikitika kwamba vijiji vimeachwa nyuma ya miji, akawahimiza wakulima washirikiane katika vyama vyao. Na hayati Papa Fransisko, katika Laudato Si' ya mwaka 2015, alisifu vyama vya ushirika vya mahali vinavyozalisha nishati isiyokwisha, vikajitosheleza na hata kuuza ziada.

Mwaka 2024 Papa Fransisko huyo huyo alitoa agizo kwamba katika eneo la Santa Maria di Galeria, nje ya Roma, ujengwe mtambo wa umeme wa jua, shambani pale pale penye kilimo, kwa ajili ya mji wa Vatikano. Hakutuhimiza sisi tu. Alianzia nyumbani kwake.

TUFANYE NINI?

Umeme unaoishia kwenye redio na televisheni utatufurahisha, lakini hautatutajirisha. Tazama mashine ya kusaga. Ikiwa ni ya mtu mmoja, naye hana mshindani, atapanga bei apendavyo, hata kama umeme umempunguzia gharama. Lakini akina mama ishirini wenye chama cha kuweka na kukopa waweza kununua mashine yao. Faida itarudi kwao, na binti hatabeba debe la mahindi mpaka kijiji cha tatu. Kadhalika mashine ya kushonea, ya kuchomelea vyuma, friji ya maziwa, na ya dawa katika zahanati. Haba na haba hujaza kibaba.

Basi, tunapendekeza mambo matatu kwa kila jumuiya ndogo ndogo. La kwanza: baada ya sala ya wiki hii, hesabuni nyumba zilizo karibu na nguzo lakini zingali gizani. Anzeni na ya mjane, na ya mzee asiye na mtoto karibu. Familia kumi zikitoa shilingi 2,700 kila moja, ada ya nyumba moja imekwisha patikana. La pili: kabla ya kununua chombo cha starehe, baba na mama wakae, waulizane ni chombo gani kitaleta kipato. La tatu: kwenye mkutano wa kijiji msikae kimya. Ulizeni kitongoji chenu kimepangwa lini, na chanzo cha maji kinalindwa na nani.

Mwezi wa Januari 2025 wakuu wa Afrika walikutana Dar es Salaam, wakaahidi kuwapatia umeme watu milioni 300 kabla ya mwaka 2030 kwisha. Ahadi hiyo ni njema, na tunaiombea itimie. Lakini mkuu wa nchi hataijua nyumba ya yule mjane wa kitongoji chako. Wewe unaijua, maana kila jioni unaipita.

Basi leo jioni, ukiipita, usipite tu. Piga hodi.