Kwa Wale Watakaokwenda Mkutanoni Kisangani



Majina ya wale tisa watakaokwenda kwenye mkutano wa vijana wa kanisa kule Kisangani, wakati wa likizo kubwa, yamekwisha kubandikwa mlangoni mwa ofisi. Tangu siku ile sina amani. Kila mapumziko mtu ananivuta pembeni: "Mkubwa, Kisangani kuko namna gani? Tutalala wapi? Tutaona nini?" Mimi nilikwenda mara moja tu, nilipokuwa darasa la nne. Basi naandika hapa kwa wote, kusudi niachwe nisome, maana mtihani wa serikali unaningoja.

Kutoka hapa Lubutu mpaka Kisangani ni karibu kilometa 250 kwa barabara ya taifa namba 3. Ukitazama karata ya nchi utasema ni safari ya siku moja. Kamiyo haitazami karata. Inatazama mvua na matope, na dereva anatazama tumbo lake kila penye soko. Mtapita daraja la mto Maiko, kiisha mtafika Wanie-Rukula ambapo barabara inakaribia Lualaba, na hapo mnajua mji hauko mbali sana.

Sisi tulitoka saa kumi na mbili ya asubuhi, juu ya mifuko na madumu ya mafuta ya mawese. Kwenye barieri moja tukaulizwa barua ya safari. Barua ilikuwako, yenye sahihi na muhuri, lakini ilikuwa mfukoni mwa mkubwa wetu, naye alikuwa amepanda gari lingine lililotutangulia. Tulikaa pale saa tano nzima. Kosa lilikuwa letu. Kwa hiyo mwaka huu kila mtu awe na kopi ya barua ile, pamoja na karte yake ya mwanafunzi, ndani ya plastiki, mwilini, si ndani ya sanduku lililo chini ya mifuko ya watu.

Sasa sikilizeni matokeo yake. Tulifika mjini saa tano ya usiku. Watu wa kanisa waliotungojea penye kamiyo walikuwa wamechoka, wamekwenda kulala. Baba mmoja tu alibaki. Yeye alikuwa ameahidi kupokea wageni watatu, akatuchukua sisi wote tisa. Nyumba ilikuwa ya vyumba viwili na sebule. Tulipewa vitanda, tukapewa wali na samaki, tukalala kama wafalme. Siku ya tatu niliamka mapema kwenda kunawa. Nikaona watoto wa nyumba ile wanne wanatoka kwa jirani, kila mmoja na mkeka wake kichwani. Mama yao alikuwa amelala jikoni, karibu na mafiga. Kumbe ndivyo walivyolala tangu tulipofika, na hakuna aliyetuambia neno. Na sisi tulileta nini kutoka Lubutu, nchi ya mchele? Vitabu vya nyimbo na mafuta ya kujipaka.

Nilisikia haya mpaka leo naisikia. Baba yule ameandika kwa Mchungaji kwamba mwaka huu atapokea tena. Watatu. Basi waende watatu, na waende na chakula. Mjini kila kitu kinanunuliwa kwa kipimo, hata kuni, hata ndizi.

Hoteli ziko, zaidi upande wa Makiso ambako kuko ofisi na maduka, lakini si za kimo chetu. Tutalala kwa familia. Mji una komini sita: Makiso, Tshopo, Mangobo, Kabondo, Kisangani na Lubunga. Ulizeni mapema mmewekwa wapi, kwa sababu tano ziko ng'ambo yetu ya mto, ambako barabara ya Lubutu inaingia, lakini Lubunga iko ng'ambo ya kushoto. Aliyewekwa Lubunga atavuka kwa mtumbwi au kwa bake kila siku. Huyo asingoje wimbo wa mwisho wa jioni. Aombe ruhusa, aondoke jua lingaliko. Kuvuka mto ule gizani kwa mtumbwi si imani, ni ujinga.

Ndani ya mji watu wanatembea kwa pikipiki, na baiskeli za kubeba watu nazo ziliwahi kuwa nyingi sana, wanaziita toleka. Patana bei kabla ya kupanda. Mtasikia Lingala kila mahali, lakini msiogope, Kiswahili kinasikiwa vizuri. Kiko pale tangu zamani za watu wa Unguja: Tippu Tip mwenyewe aliwekwa kuwa gavana wa Stanley Falls mwaka 1887. Jifunzeni tu "mbote" na "melesi", inatosha kufungua mlango.

Juu ya kutembea: mkipata nafasi moja tu, nendeni Wagenia. Pale ndipo maporomoko ya saba, ya mwisho, kati ya yale yanayoanza Ubundu. Kwa sababu ya maporomoko hayo mashua za Kindu haziwezi kushuka mpaka Kisangani, ndipo reli ya kutoka ng'ambo ya kushoto mpaka Ubundu ilijengwa, ikafunguliwa mwaka 1906. Wavuvi wanasimamisha miti mikubwa kati ya mawe, ndani ya maji yale yanayokimbia, wanaifunga kwa kamba za msituni, na juu yake wananing'iniza vikapu vyenye mdomo mpana kupita mlango wa darasa letu. Maji yenyewe yanasukuma samaki ndani. Kuna kitu cha kulipa kwa wenye mahali. Mpatane kwanza, na msipige picha ya mtu bila kumwomba. Nilisimama pale nikawaza kwamba maji ya Oso yetu yanaingia Lowa, Lowa inaingia Lualaba, na kwa hiyo yamefika Kisangani bila barua ya safari.

Wanaotaka kuendelea na masomo watazame Chuo Kikuu. Waprotestanti ndio waliokianzisha mwaka 1963, kikiitwa Chuo Kikuu Huru cha Kongo. Mwaka 1971 serikali ilikiunganisha na vingine, na tangu 1981 kinaitwa Chuo Kikuu cha Kisangani. Kanisa kubwa la Wakatoliki karibu na mto mtaliona tu, hata bila kulitafuta.

Neno moja ni la adabu. Tarehe 5 mpaka 10 Juni 2000 majeshi ya Rwanda na ya Uganda yalipigana ndani ya mji ule, na raia wengi walikufa nyumbani mwao. Mwaka 2022 Mahakama ya Kimataifa kule La Haye iliamuru Uganda ilipe Kongo dola milioni 325 kwa hasara za vita, na za Kisangani zimo. Lakini msikae mezani kwa watu mkaanza kuuliza nani alikufa. Sisi wa Lubutu tunajua. Wageni wengine wakifika hapa, hata maji hawajanywa, wanataka kusikia habari za Tingi-Tingi ya mwaka 1996 na 1997, na mnaona wazazi wetu wanavyonyamaza. Mwenyeji akitaka kusimulia, atasimulia. Ninyi msikilize.

Jumamosi, kiisha kazi za mikono, wote tisa tukutane nyuma ya jiko la internati. Tutapima mchele, kilo tano kila mtu. Ambaye kwao mchele hauko alete ndizi, lakini zisiwe mbivu, maana kamiyo hatujui italala wapi. Na mkeka, kila mtu alete wake.